Kwa nini makabati ya Kenya hayalipi ushuru na ya China yanalipa?

Swali hili tunaulizwa mara nyingi ofisini kwetu hapa Tanga, hasa na wateja wanaoanza kuagiza samani. Tuanze na hesabu.

Chukulia umeagiza makabati kutoka China, na thamani yake pamoja na nauli na bima ni shilingi 1,000,000. Samani ziko kwenye kundi la asilimia 35 la ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, kiwango kilichoanza Julai 2022. Hapo ni 350,000. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 inapigwa juu ya 1,350,000, yaani 243,000. Jumla ya hizo mbili 593,000, bado tozo nyingine. Makabati ya thamani hiyohiyo yaliyotengenezwa Kenya, yakipita mpaka wa Horohoro na cheti cha uasilia (kinachothibitisha bidhaa imetengenezwa wapi), yanalipa VAT ya 180,000 bila ushuru wa forodha.

Serikali inaachia fedha hiyo kwa sababu na sisi tuna vya kuuza. Mkonge ulioletwa Tanga mwaka 1893 ulipandwa kwa ajili ya masoko ya nje tangu mwanzo. Msimu wa machungwa ukifika Muheza, malori ya wanunuzi wa Kenya huingia hadi mashambani; bila wao mengi yangeozea chini ya miti. Huwezi kutaka jirani apokee machungwa yako huku makabati yake umeyazuia mpakani. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza Januari 2005, umejengwa juu ya makubaliano hayo.

Fundi seremala wa Ngamiani anapata ushindani, na hilo tunalijali, maana wengi wao ni wateja wetu. Lakini ushuru mkubwa mwishowe humwangukia mnunuzi, na fundi naye ni mnunuzi: bawaba, gundi, mashine ya randa. Kinga kwa kiwanda kichanga tunaiunga mkono, mradi iwe na ukomo unaojulikana.

Tena ushuru si kizuizi pekee. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kwenye nafaka. Zuio lililegezwa baada ya siku chache, kwa masharti, likiwemo la cheti cha kupimwa. Kwa mwenye lori lililokwisha kupakiwa, siku chache ni hasara kubwa.

Sasa angalizo, maana hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. Bidhaa kupitia Kenya si sawa na kutengenezwa Kenya. Mzigo wa China ulioshushwa Mombasa utalipa ushuru kamili. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kuna cheti rahisi kinachopatikana mpakani, kama bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Ukizidi hapo, muuzaji akuchukulie cheti huko kwao kabla gari halijaondoka.

Tutumie ankara na jina la kiwanda kabla hujalipa. Kukuangalizia kama mzigo unastahili msamaha hatutozi chochote.