Kuruta wa Akiba

Songea,
Juni 9.

Wajina wangu mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Rambirambi yako ilifika kwenye simu siku ileile, ndiyo iliyonunua mchele wa msibani. Usijilaumu kwa kukosa mazishi. Kutoka Bukoba mpaka huku si safari ya kukurupuka, na Mzee mwenyewe alikuwa akiihesabu njia hiyo kwa vidole: lori, treni, halafu meli ya usiku kutoka Mwanza, na yeye Mngoni wa milimani hajawahi kuona maji mengi kiasi kile.

Tumemlaza pembeni ya Bibi. Watani hawakutuacha tulie kwa raha: Mhehe mmoja aliingia kaburini akajilaza, akaapa kwamba wajukuu wa Mkwawa hawamruhusu Mngoni kupita bure. Kaka akamlipa elfu tano na kuku. Mama alicheka mpaka kitenge kikamvuka, na ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu Mzee alazwe.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni kingine. Unakumbuka tochi?

Kila usiku, saa nne hivi, alikuwa anaingia chumbani kwetu, mwanga ameuelekeza sakafuni, anatugusa kidole gumba cha mguu mmoja mmoja huku akihesabu kwa kunong'ona. Sita. Ukilala kwetu wewe anamalizia, "Saba, kuruta wa akiba yupo." Na usiku ule ulipokunja miguu ndani ya blanketi ukajibanza ukutani, kwa mchezo tu, alivyofoka! Aliamsha nyumba nzima. Ukalia, ukaomba urudishwe kwenu usiku uleule, na kwa muda mrefu ulikuwa ukisema baba yangu ni mkali. Sikuwa na la kukujibu.

Vita hakutusimulia. Tulichojua ni cha darasani: Amin kuingia Kagera Oktoba 1978, daraja la Kyaka kuvunjwa, Mwalimu kusema uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo, Kampala kuanguka Aprili 11, 1979. Ukimuuliza yeye anakuambia habari za ndizi, kwamba huko Uganda walizila mpaka akaapa. Ndiyo maana za mama yako alikuwa anazisifu tu bila kuonja.

Sasa siku ya pili ya matanga akaja mzee mmoja kutoka Njombe, anatembelea mkongojo. Walikuwa pamoja, wote mgambo, Brigedi ya 201, ambayo karibu nzima ilikuwa mgambo wasiojua vita. Machi 10, 1979 walikuwa wanaelekea Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, matope kushoto na kulia. Walibya waliotumwa na Gaddafi wakaachia Katyusha. Mengi ya makombora yalipita juu, anasema, ila mlio wake peke yake ulitosha: watu walikimbilia kwenye matete, bunduki huku, mtu kule. Kulipokucha Brigedi ya 208 ikawapiga Walibya kwa ubavuni, na hayo ndiyo yanayoandikwa vitabuni.

Usiku wenyewe hauandikwi. Mzee alikuwa na watu wake kumi. Taa haiwashwi, jina haliitwi, basi akawa anapapasa miguu gizani. Akapata tisa, wakasogea. Wa kumi, kijana wa Tunduru, alikuwa amejikunyata palepale karibu, miguu ameikalia. Kuna aliyemwona mapema, lakini kwa hofu hakusema. Walirudi asubuhi kumtafuta. Hawakumpata.

Nilipoyasikia hayo nilikufikiria wewe, Wajina, na kile kigoda alichokuletea kwenu kesho yake. Mama yako alidhani ni biashara, akataka kumlipa.

Mengine unayajua. Alivyokuwa akifua vitenge vya Mama uani, wanaume wakipita wanamcheka, naye anawajibu kwamba jeshini hakuna mke. Pasi yake ya mkaa, na sare zetu zilivyokuwa na mikunjo ya kukata nyanya. Mama alipovunjika nyonga alimwogesha miezi minne, akakataa msaada wetu mabinti.

Nina ombi. Ukipita njia ya Muleba, shuka Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa. Yule kijana hayupo pale, lakini mzee wa Njombe anasema wapo wenzao wengine. Weka ua lolote tu.

Misa ya arobaini ni mwanzoni mwa Julai, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani. Utalala chumba kilekile. Beba sweta, baridi ya huku umeisahau. Na miguu uiache nje ya blanketi: tochi sasa anayo Kaka.

Wajina wako.