Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Njia ya Mwitongo hadi Mwisenge

Ndugu wanachama,

Naanza na kibao chetu cha barabarani pale Makutano Juu, maana wengi mmeniuliza kimekwenda wapi. Tulikishusha wenyewe siku tatu baada ya kukisimamisha. Fundi alipindua tarakimu, akaandika kwamba Mwalimu Nyerere alianza shule mwaka 1943. Ni 1934. Mwaka 1943 alikuwa Makerere, na Desemba 23 ya mwaka huo ndipo alipobatizwa Nyegina akaitwa Julius. Kosa lilionwa na mtoto wa shule aliyekuwa akisubiri basi na mama yake, akisoma kwa sauti. Mimi ndiye niliyeipokea kazi ile na kuitia saini. Naomba radhi.

Tangu tuanze kufuata nyayo za Mwalimu, nguvu zetu zimekwenda kwenye vituo: Butiama alikozaliwa Aprili 13, 1922, Tabora alikosoma kuanzia 1937 na baadaye kufundisha shule ya St. Mary's, na Pugu alikoacha ualimu mwaka 1955 ili akitumikie chama cha TANU. Vituo hivyo vina wenyewe na mgeni anafika bila kuuliza sana. Isiyo na mwenyewe ni njia ya kwanza kabisa, ile ya kutoka Mwitongo, nyumbani kwao hapo Butiama, kwenda Shule ya Mwisenge, Musoma, kilomita zipatazo 40. Watu wanashuka garini Butiama, wanazuru kaburi, wanapiga picha, wanaondoka. Njia iliyomtoa kijana yule nyumbani hawaioni.

Alikuwa na miaka 12. Ni Kambarage tu, mtoto wa Mtemi Burito na Mgaya, mchunga mifugo, anayepelekwa shule kwa ushauri wa Mtemi Makongoro wa Ikizu. Lugha aliyoijua ni Kizanaki. Kiswahili alikwenda kujifunza huko huko Mwisenge. Mimi nikifika hapo huwa nasimama. Aliyekuja kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili aliingia darasani hajui kukizungumza.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, tuliitembea. Tulitoka Mwitongo alfajiri, mawe makubwa yale bado yana baridi ya usiku, tukaishika barabara kama ramani ya simu ilivyotuelekeza. Kabla jua halijawa kali tukamkuta bibi mmoja anaanika mihogo juu ya jabali. Akatuuliza tunakwenda wapi. Tulipomweleza, akaweka ungo chini. "Wajukuu zangu, hiyo ni njia ya magari. Ya miguu ilipita kule." Akatuonyesha mwanya kati ya mawe mawili na mchongoma uliofunga mbele yake. Tukaingia. Ndani, ardhi ilikuwa imebonyea kama mfereji mwembamba, upana wa mtu mmoja. Tuliufuata mpaka ukapotelea kwenye shamba la mtama. Sina ushahidi kwamba Kambarage alikanyaga hapo hasa. Ila bibi yule aliionyeshwa na mama yake, na sisi hatukuwa hata na daftari la kuandika maneno yake.

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, ingawa wapo wanaosubiri mpaka wapigiwe simu.

Kamati inaleta ombi moja mkutanoni. Fedha iliyobaki isinunue vibao vipya. Itumike kuwapeleka wanachama wawili wanaojua Kizanaki wakakae na wazee wa vijiji vilivyo kando ya njia, wayaandike majina ya vijito, ya miti ya kupumzikia na ya vivuko, kabla mvua hazijaanza. Mzee mmoja tuliyepanga kumwona baada ya matembezi tulimkuta ameshazikwa wiki iliyotangulia. Sitaki kuja kuwaandikia tena habari kama hiyo.

Kibao cha Makutano Juu kimeandikwa upya. Kiko sebuleni kwangu, kimeegemezwa ukutani. Kila mwanachama aje akisome, herufi kwa herufi, kabla hatujakirudisha barabarani.

Mwenyekiti