Ulimi wangu na majibu yaliyokuja mara mbili

Pasua, Moshi
Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Usininunie kwa kukaa kimya, nilikua na kesi ya ulimi mwaya. Unakumbuka Pasaka nilikwambia kuna kidude kigumu pembeni ya ulimi, kama punje ya haragwe imezikwa mle ndani, hakiumi hakiwashi? Nikajua nimejing'ata. Duka la dawa wakanipa dawa ya fangasi, nikasukutua na maji ya chumvi mwezi mzima, wapi, kidude kipo tu.

Bas nikaenda hospitali moja ya binafsi (siitaji), wakakata kinyama kiduchu cha juu juu, majibu yakarudi yanasema inashukiwa kansa ya ulimi. Zuhura, siku ile nilipanda daladala ya Kiboriloni badala ya Pasua na nikaja kushtuka konda anagonga dirisha anadai nauli. Sikumwambia mtu, hata baba Elisha. Napika huku nahesabu miaka iliyobaki Elisha amalize fomu foo.

Sasa kuna dada tunaimba naye kwaya, ni nesi, ndo akanibana mpaka nikasema, akaniambia kinyama cha juu juu hakitoshi, nenda rufaa wakitoe chote wakipime upya. Wakakitoa kwa ganzi, kama sentimita moja na nusu, nyuzi nne, wiki nzima nikaishi kwa uji na mtori uliopoa. Majibu yakachukua wiki tatu, hizo usiniulize nilizipitaje.

Dokta akanambia mama Elisha kaa, hii sio kansa. Inaitwa granula sel tyuma, kwenye karatasi imeandikwa granular cell tumor. Nikamwambia dokta, hilo jina lenyewe linaua, akacheka, akachukua kalamu akanichorea nyuma ya fomu. Anasema kuna seli zinaitwa za Schwann, zinazunguka neva kama ile plastiki inavyovaa waya wa umeme, uvimbe unaanzia kwenye hizo, alafu zinajaa vipunje vipunje ndani, na hivyo vipunje ni lisosomu, vile vimifuko ambavyo seli inasagia taka zake. Zamani walidhani inatoka kwenye msuli, Mrusi mmoja Abrikossoff ndo aliielezea mwaka 1926 akaona inatoka huko, na ukifikiria humlaumu, ulimi si msuli mtupu? Baadae ndo ikajulikana ni za neva, siku hizi maabara wakipima protini inaitwa S100, ambayo hizo seli za neva zinayo, zinaitika.

Ila kilichoniuma ni hiki. Huu uvimbe unalala chini, alafu unachokoza ngozi ya juu yake inanenepa na kuchimba kwenda ndani, kwa hiyo aliyekata juu juu anaona kitu kinafanana kabisa na kansa wakati mwenyewe hajaguswa. Yani nimekonda kilo tano kwa ajili ya ngozi!

Nikauliza, inakaaga ulimini tu? Anasema ulimi ndo unaongoza, lakini neva ziko kila mahali kwa hiyo na yenyewe inatokea popote, kwenye ngozi na nyama ya chini yake, kwenye zoloto mtu sauti inakwaruza, kwenye umio na utumbo mpana wanaikuta wakipitisha kamera wakitafuta mambo mengine, kwenye njia za hewa za mapafuni, na huko chini kwetu wanawake. Na ziwa! Hapo ndo inadanganya watu wazima na akili zao, inakua ngumu, kingo hazieleweki, hata kwenye picha inafanana na kansa mpaka wakate kinyama. Wengine zinawatoka zaidi ya moja. Inapenda wanawake kuliko wanaume, karibu mara mbili, na sisi weusi zaidi, miaka 30 mpaka 60, yani kama wametuandikia barua. Ya kansa kweli ipo ila ni nadra, haifiki 2 kwenye 100, wanaiogopa ikizidi sentimita 5 au ikikua kwa haraka.

Sasa na wewe kile kidude cha mkononi unachokionyesha kwenye sherehe kama pete, nimekumbuka. Sisemi ndo hiki, pengine ni mafuta tu, ila kionyeshe mtu, na wakikata mwambie asikate juu juu. Usinijibu "nitaenda", nitumie picha ukiwa kwenye foleni.

Mimi kingo za kinyama walichotoa zimekutwa safi, maana wakibakiza kidogo inaweza kurudi, natakiwa kliniki baada ya miezi sita. Baba Elisha nilimwambia juzi tu, alinuna siku mbili, sio kwa ugonjwa, kwa kumficha. Na ulimi bado mzito kidogo, nikimwita Elisha arudi ndani inatoka "ludi", ananiigiza mbele ya wenzake huyo mtoto, nangoja nipone nimtandike.

Wako,
Mama Elisha