Somo, usikate kibao hicho kabla hujasoma hapa

Mwanga, Kigoma

Somo yangu,

Salamu kutoka mwisho wa reli. Sisi wazima, mvua zimeanza, na umeme unakwenda na kurudi upendavyo.

Picha ya kile kibao cha nyuzi za kaboni ulichonunua, cha kutengenezea gari lako dogo la rimoti, nimeiona. Unauliza uanzie kukata wapi. Usianze. Kwanza chukua msasa namba 400, uuloweshe, usugue ukingo mmoja mpaka ulainike, kisha uutazame juani. Ukiona weusi mtupu toka juu hadi chini, hiyo ni kaboni. Ukiona katikati pana umanjano, au ukijani hafifu, basi umeuziwa faiba ya kioo iliyovikwa ngozi mbili za kaboni, kama mkate uliopakwa masizi.

Mimi yalinikuta. Kibao kilikuja kimefungwa vizuri, msuko umelala mshazari kama ukili wa mkeka, kinang'aa mpaka unaona sura yako. Nikakata kipande cha sentimita 10 kwa 10, unene milimita 2.5, nikakipeleka kwa sonara jirani anipimie kwenye mzani wake wa dhahabu. Kaboni ya kweli kwa ukubwa huo ni gramu 40 hivi. Yangu ikasoma 46. Sonara akacheka, akasema hata yeye huletewa shaba iliyochovywa. Si kwamba faiba ya kioo ni takataka. Alumini ya kipimo kile kile ingefika karibu gramu 68. Ila faiba ya kioo inapinda upesi kuliko kaboni, na mimi nililipa bei ya kaboni.

Sasa ile orodha yako. Unataka gari zima liwe kaboni, hadi mikono inayoshika matairi. Hapana, somo. Kaboni sifa yake ni ukakamavu, lakini ikizidiwa haijikunji ikarudi kama nailoni, wala haipindi ikabaki hivyo kama alumini. Inapasuka. Na njia zenu za Tabora nazijua: mchanga, mchanga, halafu ghafla mzizi wa mwembe. Mkono wa nailoni ukigonga mzizi unanesa kidogo na gari linaendelea. Wa kaboni utauokota vipande vipande. Weka kaboni kwenye chesisi, yaani kibao cha chini kinachobeba kila kitu, kwenye kibao cha juu kinachoikaza chesisi, na kwenye vile vibao viwili vinavyoshika vichwa vya shokapu. Hivyo vya shokapu usivifanyie ubahili, weka milimita 3. Ukitoka 2 kwenda 3 uzito unaongezeka nusu tu, lakini ukakamavu unapita mara tatu ya ule wa mwanzo, kwa sababu unafuata unene mara unene mara unene.

Kukata ndiko kunakotaka roho tulivu. Chora umbo kwenye karatasi, libandike juu ya kibao, na urefu wa kipande ufuate nyuzi. Kila utepe mdogo unaouona kwenye msuko ule kwa kawaida ni fungu la nyuzi 3,000, na unywele wako mmoja ni mnene kama mara kumi ya uzi mmoja. Nguvu yote imo humo. Epoksi, ile gundi iliyokauka humo, kazi yake ni kuzishikanisha. Ukilaza umbo kimshazari, nyuzi zote zinakatika vipande vifupi na kibao kinalegea.

Natumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, 32 kwa inchi. Kibao nakibana kwenye jiliwa kati ya mbao mbili, na mdogo wangu anadondosha maji polepole pale msumeno unapopita. Maji yanashuka meusi kama ya kuoshea sufuria ya kuni. Ule weusi ndio ungekuwa kifuani mwako, kwa hiyo usikate kikavu, na hata ukiwa na maji vaa barakoa. Mara ya kwanza nilikata kikavu, mikono wazi. Nilijikuna usiku kucha, mama akadhani nimepita kwenye upupu. Wala usikatie kwenye meza unayofungulia simu za watu. Vumbi lile linapitisha umeme, na likiingia kwenye bodi utatafuta tatizo wiki nzima.

Matundu toboa kwa biti ya kabaidi, ile ngumu kupita chuma cha kawaida. Ya kawaida inakuwa butu haraka, badala ya kukata inasukuma, na tabaka la chini linabanduka. Weka ubao chini, keekee iende kasi, mkono wako uwe mwepesi. Kona za ndani zianze na tundu la duara, maana ufa hupenda kona kali. Mwisho pitisha supagluu ile nyepesi kwenye kingo zote, ziinywe, kisha msasa na maji tena. Na waya za betri zisilale juu ya ukingo: unachuna ngozi ya waya, kaboni inapitisha umeme, na betri hizi za lithiamu tunazoziita lipo, moja ikipigwa shoti ndani ya nyumba utaikimbia.

Sasa aibu yangu ya Kibirizi, pale ufukweni kwa wavuvi, kwa kuwa najua wameshakusimulia kwa kuongeza chumvi. Risiva, kile kidude cha garini kinachopokea amri za rimoti, niliiweka kati ya chesisi na kibao cha juu, antena imelala humo ndani kama mtoto kwenye mbeleko. Kaboni huziba mawimbi ya rimoti hizi za gigahezi 2.4, nami sikuwa nimeipanga risiva isimamishe gari ikikosa mawasiliano. Nikalikimbiza mwaloni asubuhi. Halikufika mbali, likaacha kunisikia, likanyoosha moja kwa moja kwenye dagaa walioanikwa mchangani. Mama mwenye dagaa hakupiga hata kelele. Alilinyanyua kwa gurudumu moja, mengine yakiwa bado yanazunguka, akaniuliza nachukua kilo ngapi. Nilichukua tatu. Siku hizi antena yangu inapanda nje ndani ya kimrija cha plastiki, imesimama juu ya kila kitu.

Kuna mtu wangu anapanda treni kuja huko, nimempa mkebe wako. Ndani kuna biti mbili za kabaidi na karatasi ya umbo la chesisi. Sugua ukingo, nipigie picha, halafu ndipo tuongee habari za msumeno. Ukikuta umanjano usiumie sana, tutakifanya kifuniko cha betri. Dagaa wale bado walikuwepo, nimekufungia nusu kilo humo humo. Mkebe urudi na asali.

Ni mimi somo yako.