Barua ya malalamiko: mashua yangu "Tawakali" iliyozama na kukauka mikononi mwenu

Dar es Salaam
8 Julai 2024

Ndugu Meneja,

YAH: MASHUA "TAWAKALI", ILIYOKUWA CHINI YA UANGALIZI WENU KUANZIA 1 OKTOBA 2023

Mada ya hapo juu yahusika. Mimi ni baharia, fundi wa mitambo melini, na mkataba wangu wa mwisho ulinichukua nje ya nchi kwa miezi tisa. Kabla sijaondoka nililipa ada yenu yote kwa mkupuo, shilingi 180,000 kwa mwezi, jumla shilingi 1,620,000. Nililipa mapema makusudi, nisije nikawa mdeni wenu nikiwa mbali, mkapata sababu ya kuipuuza mashua yangu. Nilirudi tarehe 28 Juni, na hata begi sikulipeleka nyumbani. Nilikuja moja kwa moja horini kwenu, kwenye ule mkono wa bahari mnakofunga vyombo, nikaikuta Tawakali imelala ubavu juu ya mchanga mkavu, injini yake imewekwa chini ya mwembe na kufunikwa kwa gunia.

Barua pepe yenu ya tarehe 6 Mei ilisema mashua imezama "kutokana na Kimbunga Hidaya, jambo lililo nje ya uwezo wetu". Niliisoma nikiwa zamu chini ya sitaha, nikaiamini. Niliwaonea hata huruma. Nikawaambia wenzangu melini kwamba kimbunga kimepiga kwetu na kampuni ya watu imepata hasara. Leo naandika kwa sababu maneno yale hayakuwa kweli, na ninao ushahidi.

Hidaya ilitua Mafia tarehe 4 Mei. Mashua yangu ilikuwa chini ya maji tangu alfajiri ya tarehe 25 Aprili. Mvuvi mmoja jirani yenu aliipiga picha Jumamosi ya tarehe 27, siku moja baada ya sikukuu ya miaka 60 ya Muungano, na simu yake imeiandika tarehe hiyo. Pichani unaonekana mlingoti, kipande cha foromali (mti unaoshika tanga), na kamba mbili zimevutika kutoka kwenye gati lenu hadi zinapopotelea majini. Picha hiyo nimeiambatisha.

Sasa nieleze ilivyozama, maana nimeuliza kwa wavuvi, kwa mlinzi wenu, na nimezikagua kamba mwenyewe.

Nilipowakabidhi, Tawakali ilikuwa imefungwa kwenye boya langu la njano katikati ya hori, kwa amari, kamba nene ya kufungia chombo, niliyoivisha mpira wa bomba pale inapogusana na mbao ili isilike. Hapo ilikuwa na nafasi ya kugeuka na upepo na kupanda na kushuka na maji. Asubuhi ya Jumatano tarehe 24 Aprili mliitoa kwenye boya langu mkampa mteja mwingine, yangu mkaifunga gatini. Ilikuwa saa nne, maji yamekupwa. Aliyefunga alikaza kamba zote mbili, urefu wa mkono mmoja hivi kutoka kwenye nguzo, akaondoka. Siku hiyo ilikuwa mwezi kumi na tano Shawali, bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na ya mwezi mwandamo, ndiyo inapanda. Kila mtu wa pwani anajua kwamba hapa kwetu maji ya bamvua yanaweza kupanda zaidi ya mita tatu kutoka kupwa hadi kujaa. Gati lenu ni la nguzo, halipandi na maji. Chombo kilichokazwa kwa kamba fupi wakati wa kupwa kitaenda wapi maji yakija?

Jioni wavuvi waliiona imeinama, ubavu wa upande wa gati umevutwa chini. Wakamwambia mlinzi. Mlinzi akapiga simu ofisini, akaambiwa angoje hadi kesho. Tena tayari ilikuwa na maji ndani, kwa sababu turubai lilichanika katika mvua za mwanzo wa Aprili na halikubadilishwa. Masika ya mwaka huu yalikuwa mazito, nchi nzima imeona. Pampu niliyoiacha inajiwasha yenyewe maji yakifika kimo fulani kwenye ngama, pale chini ndani ya chombo yanapokusanyika. Pampu ipo, ila betri haipo. Iling'olewa ikapelekwa kwenye boti nyingine, na nyaya zimeachwa zinaning'inia. Maji ya kujaa ya alfajiri yalipofika ukingoni, kazi ikaisha.

Kwa hiyo hakuna kimbunga hapa. Kuna kamba mbili fupi, turubai moja lililochanika na betri moja iliyoondolewa. Na hata tukiiweka kando picha, tarehe 4 Mei yalikuwa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Kitu hicho kisingetokea kwa namna hiyo siku hiyo.

Nikaomba kuona daftari la ukaguzi, lile ambalo mkataba wenu unasema linajazwa kila siku asubuhi. Karani wenu alinipa bila kusita, na namshukuru kwa hilo. Nimelisoma nikiwa nimesimama kwenye kaunta. Tarehe 25 Aprili: "Tawakali, ngama kavu, kamba sawa." Tarehe 26, ngama kavu. Tarehe 27, siku ile ile ya picha, ngama kavu, kamba sawa. Inaendelea hivyo hadi tarehe 3 Mei, mwandiko mmoja, kalamu moja. Siku tisa mmeandika kwamba chombo kilicho chini ya bahari kina ngama kavu. Ndugu Meneja, nimefanya kazi kwenye vyumba vya mitambo kwa miaka 14, na daftari la zamu kwetu ni kama kiapo. Mtu akiandika ameangalia kipimo cha mafuta na hakukiangalia, watu wanaweza kufa. Nilipofika kwenye mstari huo wa tarehe 27 nilifunga daftari, nikatoka nje kwanza.

Tarehe 30 Aprili niliwaandikia WhatsApp, nimesikia habari za mvua, nikauliza hali ya mashua. Mlinijibu ndani ya dakika kumi: "Iko salama kabisa bosi", na picha. Nilifurahi sana siku hiyo. Leo nikiitazama picha ile naiona Tawakali iko kwenye boya la njano, na turubai jipya la bluu halina hata mkunjo. Ni picha ya zamani. Hili ndilo linaloniuma kuliko pesa. Mngeniambia ukweli tarehe 25, au hata tarehe 30, ningempigia binamu yangu wa Nungwi, angevuka siku ya pili yake na mafundi wawili, na leo nisingekuwa naandika barua hii.

Maana, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu nadhani ofisini kwenu hakuna anayejua jambo hili, kuzama hakukuiharibu Tawakali. Mbao za chombo hazidhuriki sana na majuma mawili ya maji ya chumvi. Kilichoiharibu ni jua.

Wavuvi waliiinua tarehe 9 Mei, bamvua ya mwandamo, maji yalipokupwa sana. Waliziba, wakakumba maji kwa ndoo, wakaivuta juu. Kazi ya watu kumi na moja, nusu siku. Mliwaahidi malipo hamkuwalipa. Nimewalipa mimi shilingi 260,000. Kisha mkaiacha pale pale mchangani, bila kivuli, bila magunia mabichi, bila kuimwagia maji hata mara moja, siku 50. Mashua ya mbao inayokaa majini mbao zake zimefura, ndizo zinazobanana na kushika pamba ya kalafati inayoziba mianya. Ukiitoa ukaiweka juani, mbao zinasinyaa, mianya inafunguka, pamba inalegea na kudondoka. Ndiyo maana mtu akipandisha chombo kwa muda mrefu hukijengea banda la makuti na kukimwagia maji ya bahari asubuhi na jioni. Hicho si kitu cha gharama. Ni ndoo na kijana mmoja.

Nilipoifikia tarehe 28 Juni niliinama nikatia kisu changu kati ya ubao wa tatu na wa nne kutoka mkukuni, ule mti wa chini kabisa wa chombo. Kisu kilipita chote hadi mpini. Nikaivuta pamba kwa vidole, ikatoka mkono mzima bila kukatika, kavu, nyeupe, haina hata harufu ya mafuta. Pamba hiyo naijua. Mashua ile iliundwa Nungwi mwaka 2009, marehemu baba akiwa bado nahodha, na mimi likizo ile nilikuwa nakaa chini ya mkuku nasokota pamba na kuichovya kwenye mafuta, namkabidhi fundi mafundo mamoja mamoja, yeye anayapigilia. Siku ya kuishusha baba aliingia ngamani peke yake na tochi, akakaa humo muda mrefu akipapasa kila taruma, yaani mbavu za ndani za chombo, alipotoka akasema, "Hailii." Maana yake haitoi tone. Kwa miaka 15 Tawakali haikulia. Kila mwaka inapandishwa, inachomwa makuti chini kuua wadudu wanaotoboa mbao, inapakwa shahamu (mafuta mazito ya mnyama), inarudishwa majini ndani ya siku chache. Upo wa baba wa kukumbia maji, aliouchonga mwenyewe, niliuacha ndani kwa heshima tu, si kwa matumizi. Nimeutafuta, sikuuona. Kama yupo mfanyakazi wenu aliyeuokota naomba aurudishe, wala simuulizi kitu.

Kuhusu injini sitasema mengi. Injini iliyozama ikitolewa siku hiyo hiyo, ikaoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, plagi zikatolewa na mafuta yakatiwa ndani, mara nyingi hupona. Yangu ilikaa majini siku 14, kisha ikakaa chini ya mwembe na chumvi yake siku 50. Nimeifungua mwenyewe. Haifai tena.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kwa uangalifu ule ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake mwenyewe. Sidhani hapo kwenu yupo mtu ambaye angefunga chombo chake namna ile usiku wa bamvua.

Haya ndiyo ninayodai. Fundi kutoka Nungwi ameikagua mashua na makisio yake, niliyoambatisha, ni shilingi 4,850,000 kwa mbao sita za kubadilisha, kalafati yote upya, shahamu na tanga. Injini ya aina ile ile ni shilingi 5,200,000. Wavuvi 260,000. Na mnirudishie ada ya Aprili, Mei na Juni, shilingi 540,000. Jumla shilingi 10,850,000. Ada ya Oktoba hadi Machi siidai, kwa sababu picha mlizonitumia miezi hiyo zilikuwa za kweli na mashua ilikuwa inatunzwa. Kazi mliyoifanya naikubali.

Pia nataka barua yenu ya tarehe 6 Mei mwiondoe kwa maandishi, mkieleza kwamba mashua haikuzamishwa na kimbunga. Cheti cha chombo kiko TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, kwa jina langu, na sitaki kwenye kumbukumbu zake ibaki habari isiyo ya kweli.

Naomba na jambo moja nje ya madai yangu. Kijana wenu wa zamu ya usiku msimfukuze kazi kwa sababu ya barua hii. Ameniambia ukweli akijua mimi ndiye mlalamikaji. Analinda vyombo 19 peke yake, hana tochi, hana mtumbwi wa kufikia maboya, na usiku ule alipiga simu kama alivyotakiwa. Aliyeipokea simu akasema angoje kesho ndiye anayepaswa kuulizwa. Wateja wengine wenye vyombo humo horini, na wengi wako mbali kama nilivyokuwa mimi, wanadhani kuna mtu anayeingia kwenye vyombo vyao kila asubuhi. Wana haki ya kujua kama yupo.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Niko tayari kuja ofisini kwenu siku yoyote tuzungumze, na kama kiasi chote hamkiwezi kwa mara moja tunaweza kupanga awamu, mradi iwe kwa maandishi. Nisipopata jibu nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani na baadaye mahakamani, pamoja na picha na nakala za kurasa za daftari ambazo karani wenu aliniruhusu kuzipiga picha.

Tangu tarehe 29 Juni nimeifunika Tawakali kwa magunia, na wanangu wawili wanaimwagia maji ya bahari asubuhi na jioni. Fundi anataka kuanza kazi kabla mianya haijazidi kufunguka. Tafadhali mlinzi wa getini aambiwe awaruhusu wanangu kuingia, kwa sababu jana jioni alizuiwa mkubwa, akarudi na ndoo zake, na mashua ikalala kavu.

Wenu,
Mwenye mashua "Tawakali"