Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, Chunya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Chunya. Miti tuliyootesha umekwisha kuikagua, hivyo tunaomba muda huu tuzungumzie jambo moja tu: zebaki, metali ya majimaji yenye sumu.

Dhahabu ya Lupa, hapa wilayani kwetu, inachimbwa tangu miaka ya 1920, na wengi wetu tunalipiwa madaftari na sare kwa dhahabu hiyo. Hatukuja kuwashitaki wazazi wetu. Mama akipata kiroba cha mawe hukipeleka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, husafisha unga wake mwaloni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, kisha humimina zebaki na kuichanganya kwa mikono mitupu ili ishike chembe za dhahabu. Donge hulikamua kwenye kitambaa, akalichoma. Wapo wanaochomea nyumbani, kwenye jiko lile lile la mkaa linalopikiwa ugali, mtoto akiwa mgongoni. Mvuke huo haunuki, kwa hiyo hakuna anayeukimbia. Huingia mapafuni, ukadhuru ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka. Zebaki inayomwagika hufuata maji, na huko bakteria huigeuza kuwa sumu kali zaidi inayokaa kwenye samaki na kumfikia hata mtoto aliye tumboni.

Mheshimiwa, kinachotuuma zaidi ni mgawanyo wa faida na madhara. Faida kubwa inakwenda mbali. Moshi unabaki kwa aliyeambulia pointi chache, yaani sehemu ndogo za gramu, za dhahabu. Kilio kama hiki si kigeni: mwaka 1982, katika wilaya ya Warren, North Carolina, Marekani, wananchi ambao wengi wao walikuwa Weusi wa kipato cha chini walilala barabarani kuzuia malori ya udongo wenye sumu uliokuwa ukienda kufukiwa kwao. Zaidi ya 500 walikamatwa na udongo ukafukiwa, lakini dai lao la haki ya mazingira likaenea nchi nzima.

Kwetu haki hiyo imeandikwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Tumeridhia pia Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, unaotaka uchomaji wa zebaki kwenye makazi ya watu ukomeshwe.

Ila tunasema wazi: marufuku peke yake itawafanya akina mama wachomee ndani, usiku, milango ikiwa imefungwa. Tunaomba vikundi vyao vipatiwe vyombo vya kunasa mvuke na eneo la kuchomea lililo mbali na nyumba. Tunaomba visima vya jirani na mialo vipimwe, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili. Na wajawazito wanaofanya kazi mwaloni wapimwe zebaki bila malipo wanapohudhuria kliniki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.