Msitu usipimwe kwa miti mirefu tu

Ndugu mhariri, salamu. Ile makala yenu ya kulungu wanavyoongezeka kwenye misitu ya Marekani nimeisoma mpaka mwisho na naomba kanafasi maana imeniuma. Mmeiandika kama habari njema tupu, kwamba kulungu wakiwa wengi basi msitu una afya. Jamani sivyo.

Ni kweli walikaribia kuisha. Kwenye mwaka 1900 hivi wale wenye mkia mweupe walikuwa wamebaki laki chache tu nchi nzima, waliwindwa sana kwa ajili ya nyama na ngozi za kuuza, kwahiyo kuwalinda ilikuwa sahihi kabisa na hilo silipingi. Leo wanakadiriwa kama milioni 30. Ila mbwa mwitu na puma waliokuwa wanawala hawapo tena sehemu nyingi, halafu mashamba na bustani za watu zinawapa chakula cha ziada, sasa nani awapunguze?

Shida yenyewe iko kwenye ulaji wao. Kulungu anachagua. Anaanza na kitamu, miche ya mwaloni, okidi, maua ya chini, kangaga anaziacha kwa sababu hazipendi, na miaka ikienda kangaga ndio zinatanda chini kote zinatia kivuli, hata mbegu ya mti ikiota haipati mwanga inakufa. Angalia ua linaloitwa triliamu, lina shina moja na majani matatu basi, yakiliwa hakuna mengine mpaka mwaka ujao, na likirudi linarudi dogo zaidi, na hapo lenyewe linahitaji miaka mingi kabla ya kuchanua mara ya kwanza. Likiliwa mfululizo linapotea kimya kimya, wala hakuna anayepiga kelele.

Mpita njia haoni kitu. Juu kijani, chini peupe unaona mpaka mbali, watu wanapiga picha wanasema msitu msafi! Mimi nikiona pale naona kijiji cha wazee watupu kisicho na mtoto hata mmoja. Wazee wakianguka nani anashika nafasi?

Na sio mimea tu. Kule Pennsylvania watafiti walizungushia fensi vipande vya msitu wakaweka kulungu kwa idadi wanayoijua, wakafuatilia miaka 10. Palipokuwa na kulungu wengi zaidi, aina za ndege wanaoishi usawa wa kati, juu ya vichaka na chini ya vilele, zilipungua kwa asilimia 27. Kulungu hajala ndege hata mmoja pale, amekula tu pa kuweka kiota!

Mfano unaonisikitisha zaidi ni kisiwa cha Anticosti huko Kanada. Tajiri mmoja Mfaransa, Henri Menier, alipeleka kulungu kama 220 mwishoni mwa miaka ya 1890 ili apate wa kuwinda, na kisiwani hapakuwa na mbwa mwitu. Wakaja kupita laki moja. Walikula vichaka vya matunda mpaka dubu weusi, ambao walikuwa wengi sana pale, wakakosa cha kunenepea kabla ya baridi wakatoweka kabisa. Yaani mla majani kammaliza dubu!

Najua wapo watakaosema acheni asili ijipange. Asili ipi, wakati sisi ndio tulioondoa wawindaji wake? Na kulungu mwenyewe hafaidiki, wakijazana wanakonda, mwili unakuwa mdogo, baridi kali ikija wanakufa njaa. Hata uwindaji wenyewe unafanywa vibaya, watu wanakimbilia madume kwa ajili ya pembe wakati dume mmoja anapanda majike wengi, kwahiyo ukiua madume matano hujapunguza chochote, lazima majike ndio wapungue, na hilo wengi hawataki kulisikia.

Ombi langu ni moja mhariri. Mkiandika tena habari hii tafuteni picha ya fensi za kuzuia kulungu wasiingie, nje ardhi tupu na kangaga, ndani miche imejaa imefika kifuani, msitu ule ule, udongo ule ule, mvua ile ile. Iwekeni ukurasa wa mbele.

Msomaji wenu wa siku nyingi